Kipande cha Mgonjwa Asiye na Jina

Likasi, tarehe 2 Machi 2024

Nesi Mimi, rafiki yangu,

Umefika Kapolowe salama? Toka siku ile ya uchunguzi nimelala sana. Sikuumia kama nilivyoogopa. Kilichonisumbua ni kuona ndani yangu kwenye ile televisheni ndogo ya daktari. Nyekundu tupu, Mimi, nyekundu kama nyama mbichi, na inacheza-cheza yenyewe. Nilifumba macho. Wewe ulinishika mkono, na sitasahau.

Sasa nina ombi, na usiniulize mara mbili. Vile vipande alivyokata daktari, ulisema vinakwenda kusomwa Lubumbashi. Unajua vizuri ni nani anasomea kazi hiyo kule. Rémy, mdogo wangu, akiona jina langu, ataacha masomo siku hiyo hiyo na kupanda gari. Alifanya hivyo Mama alipougua. Alikuwa karibu kumaliza udaktari, akarudi kumfulia Mama mashuka yenye damu mpaka tulipomzika, halafu ikamchukua muda mrefu kupata nafasi tena. Safari hii, hapana. Kwa hiyo waandikie Joëlle Ngalula. Ngalula ni jina la bibi yetu mzaa baba, na Joëlle ni jina nililolipenda tu.

Kwa Rémy mimi ni mzima. Simu nimeizima, kwa sababu yule kijana anasikia uongo katika pumzi. Tunaandikiana barua, na Jean-Claude, dereva wa taksibisi, anazibeba. Karatasi haina pumzi.

Wako,
Colette


Lubumbashi, tarehe 17 Machi 2024

Yaya Colette, dada yangu mkubwa,

Samaki wa ziwa Tshangalele wamefika, asante. Jean-Claude anasema umewakausha mwenyewe. Simu yako imezimwa tena, lakini sikulalamikii. Hata mimi siku hizi napenda karatasi.

Umeniuliza nafanya nini siku nzima mle maabara. Nakaa nimeinama juu ya hadubini. Madaktari wanakata kipande cha mgonjwa, kidogo kama punje ya mchele. Sisi tunakikata tena kiwe chembamba kupita karatasi, tunakitia rangi ya zambarau na waridi, tunakilaza juu ya kioo. Halafu tunasoma.

Nikueleze nilichosoma wiki hii, maana hakinitoki kichwani. Ni kipande cha utumbo mpana. Jina la mgonjwa siruhusiwi kulitaja, ila ni mtu wa huko kwetu Likasi.

Utumbo mzima ni mzuri kutazama, Yaya. Ukuta wake una vishimo vidogo, safu kwa safu, kama sega la nyuki ukilitazama kutoka juu. Chini kabisa ya kila kishimo seli mpya zinazaliwa. Zinapanda polepole, zinafanya kazi yao siku chache, kisha zinadondoka na kufa bila fujo. Lakini kwa mgonjwa huyu, askari wa mwili wamepigana hapo kwa miaka, na adui hayupo. Wanaunguza ukuta, mwili unaujenga. Wanaunguza tena, unajenga tena. Kila kujenga ni kunakili maagizo upya, na anayenakili huku nyumba inaungua, atakosea tu.

Nikasogeza kioo kushoto. Hapo nikakuta mahali ambapo kosa limekuwa sheria. Seli nyeusi, zimebanana, hazijui juu wala chini, na hazidondoki. Zimesahau kufa. Zimeacha njia yao kama wachimbaji wanaoliacha shimo lao na kutoboa chini ya nyumba za watu waliolala.

Nilipoinua jicho nilisikia baridi. Nilihisi kwamba muda wote huo kile kitu ndicho kilikuwa kinanitazama mimi.

Msalimie mwanao Plamedie. Mwambie asome.

Ndogo yako,
Rémy


Likasi, tarehe 24 Machi 2024

Rémy wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimeketi uani, na jua lilikuwa kali, lakini hata mimi nilisikia hiyo baridi.

Sisi wazima. Mvua haijaisha, barabara ya sokoni imekuwa matope. Plamedie anasoma, ila kuna kitu amesema juzi kimenikaa moyoni. Nilikuwa natoka msalani, napita korido kwenda chumbani. Yeye alikuwa jikoni anasonga bukari, mgongo ameugeuzia mlango. Akaita, “Nkambo?” kama anayemwita bibi yake. Nikasimama. Akageuka, akaniona, akaacha mwiko ndani ya sufuria. “Mama,” akasema, “nilizani ni nkambo njo anapita. Ni mulio yake ya miguu.”

Mama alikuwa anatembea hivyo, unakumbuka? Anaburuta mguu mmoja, anatulia, anashika ukuta, anaburuta tena. Nimejisikiliza tangu siku hiyo. Ni kweli. Labda ni viatu.

Nikuulize juu ya yule mgonjwa wako, kwa kutaka kujua tu. Mtu kama huyo anajisikiaje? Kama maumivu yakitulia, yakaisha kabisa, si ni dalili ya kupona? Na atapona? Na kama angekuwa ndugu yako, ungemwambia?

Niandikie ukweli. Mimi si mtoto.

Dada yako,
Colette


Lubumbashi, tarehe 5 Aprili 2024

Yaya,

Maswali yako ni ya mtu aliyemuuguza Mama, nayaelewa. Nitajibu yote.

Anajisikiaje? Kwa miaka, damu chooni, kukimbilia choo mara kwa mara, tumbo kusokota, uchovu. Anazoea. Anaanza kujua kila choo kati ya nyumbani na kazini. Anawaambia watu ni amiba, ni pilipili. Halafu siku moja moto unapungua, anakula vizuri, anamshukuru Mungu. Ukimya huo ndio ninaouogopa kuliko kelele. Maumivu yalikuwa ya ule moto. Kile kilichoota ndani ya majivu hakina haja ya kuuma. Kinakua tu.

Atapona? Kwa huyu, hapana. Kimeshapita ukuta na kuingia kwenye nyama ya nje, na picha za tumbo zinaonyesha madoa kwenye ini. Angekuja mapema, ule moto ulipokuwa na umri wa miaka minane, kumi, kamera ingeliona kosa likiwa bado changa na utumbo ungetolewa. Hakuja. Alijua kila kitu na hakuja. Sidhani ataziona mvua nyingine.

Kama angekuwa ndugu yangu, singemwambia. Ningemwacha acheke. Ningemwandikia barua za kawaida.

Usinitumie samaki tena mwezi huu, nina wengi.

Rémy


Kapolowe, tarehe 9 Aprili 2024

Colette,

Majibu yako yamefika. Si mambo ya kuandika kwenye karatasi wala ya kumpa dereva. Njoo Kapolowe, au nitume neno nije mwenyewe. Usikawie, nakuomba. Daktari anataka kukuona.

Mimi


Likasi, tarehe 21 Aprili 2024

Mimi,

Usije. Majibu ninayajua kabla yako. Aliyeyasoma ameniandikia, bila kujua anamwandikia nani. Nimesoma maneno yake mara nyingi mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Nimepita ukuta, nimefika kwenye ini. Daktari ataongeza nini hapo?

Vidonge vya tumbo nimeviacha. Na sikiliza jambo la ajabu, siumwi. Tangu Pasaka siumwi kabisa. Damu imepungua. Majirani wanasema, “Colette, Mungu amekutendea.” Mimi nawatazama tu, maana najua ukimya huu ni wa nini. Nikilala kifudifudi nauweka mkono pale chini kushoto na kusikiliza, kama mtu anayesikiliza kama mgeni chumba cha pili ameshaamka.

Vitenge vyangu nimewagawia wanawake wa kikundi cha sala. Wengine wamekataa, wengine wamechukua wakilia. Plamedie ameniona nikikunja, akaniuliza kama tunahama. Nikasema ndiyo.

Usimwambie Rémy.

Colette


Likasi, tarehe 12 Mei 2024

Rémy,

Nilikuwa nimeamua kukaa kimya mpaka mwisho, lakini jana Jean-Claude alikataa kuchukua bahasha yangu. Alizima gari, akashuka, akanifuata hadi uani.

“Mama Plamedie, usikasirike,” akasema. “Minye napelekaka barua zenu kila juma. Ndogo yako kule alisha konda sawa weye. Macho ile ile, shingo ile ile. Anatembea anashika ukuta. Siku ingine naonaka kama ni muntu moja iko mu miji mbili. Inaniogopesha. Mutaambiana lini?”

Nikamjibu kwamba huli vizuri kwa sababu ya masomo tu. Akatikisa kichwa. “Masomo haikondeshake vile.”

Basi nitakuambia, na wewe uniambie. Umekonda kwa sababu yangu, si ndiyo? Umeshatambua. Yule mgonjwa wa Likasi uliyemsoma ni mimi. Joëlle Ngalula ni mimi. Nilimwomba Mimi abadilishe jina ili usirudi tena kufua mashuka. Halafu ukaniandikia kifo changu kwa mkono wako mwenyewe, na mimi sikuwa na pa kuliweka neno hilo. Sikukasirikii. Uliandika vizuri. Nimejiandaa, vidonge nimeviacha, nguo nimegawa, na Plamedie atakwenda kwa Mjomba Evariste, ndugu wa Mama aliyebaki. Wewe maliza masomo. Usije.

Lakini Jean-Claude asema unashika ukuta. Kwa nini unashika ukuta, Rémy?

Colette


Lubumbashi, tarehe 13 Mei 2024

Yaya, soma hii ukiwa umekaa.

Kile kipande si chako. Ni changu.

Nilichunguzwa mwezi wa pili katika kliniki ya upande wa pili wa mji, ili wenzangu wasijue. Kilipoletwa kwetu, profesa wangu aliona jina. Akanifungia mlango, akaniuliza kama nataka kutazama. Nikatazama. Yale yote niliyokuandikia, niliyaandika juu yangu. Ini ni langu. Mvua ambazo sitaziona ni zangu. Nilitaka mtu mmoja duniani ajue, na sikuweza kusema, kwa hiyo nikamtengeneza mgonjwa asiye na jina na kukusimulia wewe. Nilidhani siwezi kukudhuru kwa karatasi.

Barua yako imefika saa za asubuhi. Nimekwenda mbio kwenye makabati ya maabara, mbio zangu za sasa, na kumtafuta Joëlle Ngalula. Profesa alimsoma mwezi uliopita. Mimi nilikuwa kitandani wiki hiyo. Nimekitia kioo chako chini ya hadubini.

Yaya, kuna moto, moto mkubwa wa zamani. Kuna mahali pamoja seli zimeanza kuwa nyeusi na kubanana. Lakini zimo ndani ya vishimo vyao. Hazijatoboa. Nimepita kila ukingo, nikamwita profesa apite tena. Hazijatoboa. Hayo ndiyo majibu aliyopelekewa nesi Mimi akuambie: utumbo utolewe wote, mapema, na utaishi.

Ule ukimya wako sijui ni nini. Moto una siku zake za kupumzika. Usiusikilize tena.

Jean-Claude anasubiri nje, injini inawaka. Nimemwambia asirudi bila wewe. Panda gari hilo. Kama ulinificha ili nisome, basi nimesoma, na hii ndiyo kazi yangu.

Rémy


Likasi, tarehe 30 Novemba 2024

Mimi mpenzi,

Nimekaa kimya sana baada ya msiba na umenisamehe kila mara. Leo mvua inanyesha na nina nguvu za kuandika.

Ulikuwapo waliponipasua mwezi wa sita, ulikuwapo Rémy alipofariki mwezi wa nane. Tulilala hospitali moja, yeye ghorofa ya juu, mimi ya chini. Alikuwa anashuka kwenye kigari cha wagonjwa kunionyesha jinsi ya kubadilisha mfuko wangu wa choo wa tumboni bila kumwaga, na tulicheka, Mimi, tulicheka vibaya mpaka nesi akaja. Hilo unalijua. Usilolijua ni lililotokea hapa Likasi Jumapili, kwenye kikao cha ukoo.

Nilijua yapo maneno. Wale niliowagawia vitenge walianza kuvirudisha kimyakimya, wanavitundika kwenye ua wetu bila kubisha. Asubuhi nafungua mlango, nakuta kitenge changu kinaning'inia, hakuna mtu. Siku nyingine viwili. Dukani wananiwekea chenji mezani ili wasiniguse mkono. Plamedie aliambiwa na mwenzake shuleni, “Mama yako alikula yaya wake,” yaani nimemroga akafa. Hata ukoo hawakuupanga sawasawa, Rémy alikuwa ndogo yangu.

Kikao kilikuwa kwa Mjomba Evariste. Yeye ndiye aliyesimama. Unamjua, mtu wa zamani wa kiwanda, sauti yake inajaza nyumba. Akasema: “Huyu mutoto alikuwa anakufa. Bote tuliona. Alisha gawa nguo. Halafu siku moja anapanda gari anaenda kule ndugu yake iko. Anarudia muzima, ndugu anarudia mu sanduku. Kifo haigeukake barabara yenyewe tu. Nani aliigeuza?”

Nilisikia mvua kwenye mabati. Na nitakuambia jambo ambalo sijamwambia padri: kwa kitambo kidogo niliamini. Nilikumbuka nilivyomeza kila neno la kile kifo na kukizoea, nikakilalia, na mwenyewe akakijia. Nilijiona mwizi aliyemrudishia mwenyewe mzigo.

Kisha nikasimama. Sikuwa na hotuba. Nikainua blauzi mbele ya wajomba na mashangazi, nikawaonyesha mfuko.

“Hii njo nililipa,” nikawaambia. “Utumbo wangu yote walitoa. Mama alikuwa na ule moto, Rémy alikuwa nayo, minye nilikuwa nayo. Inapitaka mu damu ya nyumba, haiko ya jamaa zote lakini ya kwetu iko vile. Inaunguza miaka mingi, halafu inakuwa kansa. Rémy walichelewa kumuona. Minye waliniona mapema. Njo tofauti. Hakuna ingine.”

Shangazi mmoja akafunika uso. Mwingine akauliza kama ni mawe ya uraniamu ya Shinkolobwe, maana babu alikaa karibu na kule. Nikasema Rémy mwenyewe alisema hajui, na mtu aliyesoma akisema hajui, mimi siongezi. Mjomba Evariste alisogea hatua moja. Alinitazama tumbo, si uso. Alitazama kwa namna iliyonifanya nishushe blauzi.

Nikatoka nyuma ya nyumba kupata hewa. Akanifuata. Alisimama karibu na pipa la maji, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

“Colette. Minye pia naonaka damu.”

Nikamsogelea.

“Ni tangu siku mingi. Nilikuwa nasema ni pombe, ni lutuku. Niliacha lutuku, damu ikabakia.” Akaipapasa kofia. “Mwaka huu haiumi tena. Nilizani ilisha pona.”

Nikamuuliza, “Mbona haukusema, Mjomba? Ulikuwa pale Mama anakufa. Ulikuwa pale Rémy anakufa.”

“Mama yenu alisema kila siku,” akajibu. “Ilimusaidia nini?”

Hapo nikaelewa kwa nini alihitaji awepo mtu aliyekigeuza kifo. Kama ni mimi niliyekigeuza, basi yeye hakimhusu.

Akaniuliza kama ile kamera inaumiza. Nikamwambia ukweli, inaudhi kuliko kuumiza, na kunywa ile dawa ya kusafisha tumbo ndiyo mateso. Akaniomba nisiwaambie wengine. Nikasema: “Hapana, Mjomba. Tunaingia, na unabaambia weye mwenyewe. Batoto yako bote bako mule ndani, na damu ni ile ile.”

Alibaki kando ya pipa lile muda mrefu. Nilimwacha, nikaingia peke yangu, nikakuta wamewasha redio, nikakaa kwenye mkeka kati ya watu waliosogea ili nguo zetu zisigusane. Nilishaanza kufikiri ameondoka kwa mlango wa nyuma. Kisha nikamwona kwenye kizingiti, amelowa, kofia bado mkononi, akamwambia mtu azime redio, ana neno la kusema.

Daktari wa kamera akija tena Likasi, tuandikie Mjomba, watoto wake wakubwa wawili, na Plamedie ukiona umri wake unaruhusu. Majina yao halisi, tafadhali.

Rafiki yako,
Colette